Alimpiga Fimbo, Alimpiga kwa Sufuria

Uko mchezo wa mezani ambao hauhitaji ubao wala kompyuta. Mtu mmoja hushika hadithi. Wenzake huwa wahusika ndani yake, kila mmoja husema analotaka kutenda, na dadu huamua kama limefaulu. Ulio maarufu kupita yote ya aina hiyo, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa Marekani mwaka 1974. Mimi niliyekulia kwenye paukwa na pakawa sikuuona mgeni sana. Ni hadithi ya kando ya jiko, ila imepewa dadu.

Mjukuu wangu alipokuja Karatu likizo alitaka kuucheza na binamu zake kwa Kiswahili. Mengi aliyafasiri mwenyewe, na kwa ufundi. Alipokwama alinijia: "Babu, kuna kanuni ya mtu anayepigana kwa kitu kisicho silaha, labda kikaango au mguu wa meza. Tukiiteje kitu hicho?"

Ndugu wasomaji, swali hili nimelibeba tangu siku ile, na leo nataka kulijibu mbele yenu, kwa kuwa naona jibu lake halimo katika kamusi bali katika sarufi. Tena linagusa jambo kubwa kuliko mchezo.

Kwanza nieleze kanuni yenyewe. Katika mwongozo wa wachezaji wa mwaka 2014, kitu cha kuokotwa hivi hivi hupewa dadu ya pande nne, kiwe kikaango au gurudumu la mkokoteni. Kikifanana na silaha halisi, msimamizi wa hadithi anaweza kukihesabu kama silaha hiyo. Mguu wa meza, kwa mfano, ni kama rungu. Lakini ukifungua orodha ya silaha unakuta rungu lenyewe lina dadu hiyohiyo ya pande nne, na fimbo ndefu inalizidi kwa dadu ya pande sita. Nani atakwenda Endulen kumweleza hayo mfugaji ambaye rungu lake, likirushwa na mkono uliozoea, humwangusha fisi? Waliotunga orodha hawakosi akili, ila walipima kwa vitu vya kwao. Kila orodha ya silaha ina nchi yake.

Tulianza na majina. Mjukuu alipendekeza "silaha ya dharura". Halikunipendeza, kwani dharura hutukumbusha mlango wa basi na chumba cha hospitali. Binamu yake mmoja akaleta "silaha ya kubahatisha", nalo likakataliwa kwa sababu mwanamke anayeshika mchi wa kinu chake mlango unapovunjwa usiku habahatishi hata kidogo. Anaujua uzito wa mchi ule kuliko askari anavyoijua bunduki yake. Mimi nilijaribu "zana". Hapo tukapata jambo la kutufikirisha, kwa maana Kiswahili husema zana za kilimo, na kwa neno lilelile husema zana za vita. Jembe na mzinga wamelala kitanda kimoja. Neno ambalo halioni mpaka haliwezi kutusaidia kuuonyesha.

Nikawaambia vijana tuache kutafuta nomino. Tusikilize sentensi.

Alimpiga fimbo. Alimchoma kisu. Alimkata panga. Alimpiga rungu. Katika sentensi hizi jina la kifaa limekaa nyuma ya kitenzi moja kwa moja, bila kihusishi, kana kwamba kitenzi na kifaa vimeoana zamani na hakuna haja ya mshenga. Sasa sikiliza hizi: Alimpiga kwa sufuria. Alimpiga kwa ndoo. Alimpiga kwa mwavuli. Hapa pamehitajika "kwa". Ukiiondoa na kusema "alimpiga ndoo", sikio la mtu aliyeizoea lugha linashtuka kidogo. Ama "alimpiga pasi", hiyo ni habari nyingine kabisa: amemnyoosha kama shati.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo kanuni ambayo mjukuu wangu alikuwa akiitafuta, na Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya dadu kufika mezani. Kifaa ambacho jamii imekwisha kukikubali kuwa silaha hukaa bila "kwa". Kifaa ambacho kimeshikwa leo tu, kwa hasira au kwa hofu, huja na "kwa" yake, nayo ni kama cheti kinachosema: huyu si wa jeshi hili, ameazimwa.

Tena mpaka wenyewe hautulii mahali pamoja. Chupa kazi yake ni kuwekea kinywaji, lakini kwa kuwa vilabu vya pombe vimeifanyisha kazi nyingine kwa miaka mingi, leo watu wanasema "alimpiga chupa" bila kusita. Kandambili ya mama imekwisha kuvuka pia, jambo ambalo kila mtoto wa Kitanzania anaweza kulitolea ushahidi. Jiwe lina tabia ya pekee: "alimpiga jiwe" tunaona jiwe likiruka hewani, lakini "alimpiga kwa jiwe" tunaona mkono umelikamata na mtu amesogea karibu. Mwongozo wa mchezo unatumia aya nzima kutenganisha kurusha na kushika. Sisi imetutosha silabi moja.

Na vitenzi je? Lugha yetu imevichukua vitenzi vya kazi za nyumbani na shambani ikavipeleka vitani bila kumwomba mtu ruhusa. Kutwanga ni kazi ya mchi, lakini mtu hutwangwa ngumi. Kutandika ni kazi ya kitanda, lakini mtu hutandikwa bakora. Kukung'uta ni kutoa vumbi kwenye mkeka. Kupura ni kazi ya maharage na ngano, na hapa Karatu tunaijua vizuri. Kufyeka ni kazi ya nyasi. Hata kulima: mtumishi hulimwa barua, mchezaji hulimwa kadi nyekundu. Fungua ukurasa wa michezo katika gazeti lolote la Kiswahili na uhesabu timu ngapi zimetwangwa, kuchapwa na kutandikwa wiki hiyo. Kwa hiyo niliwaelekeza vijana hivi: mchezaji akisema mhusika wake amenyakua mchi, msimamizi asimpe dadu kabla hajasikia kitenzi. Anatwanga kwa kuushusha wima? Anausukuma kama mtaimbo? Anaurusha? Mchi unaoshushwa wima una nguvu ya miaka ya mazoezi. Mchi unaorushwa ni gogo tu. Mhusika mkulima apewe dadu kubwa akitumia kitenzi cha kazi yake. Naona hii ni haki kuliko kumpa kila mtu pande nne.

Kuna methali moja ambayo ningependa iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo wowote wa namna hii kwa Kiswahili: fimbo ya mbali haiui nyoka. Hiyo nayo ni kanuni kamili ya mapigano. Haisemi fimbo bora wala fimbo kali; inasema iliyo karibu. Mtunzi wake bila shaka alikuwa na upinde mzuri sana uliotundikwa nyumbani.

Jambo la pili ambalo orodha za silaha hazilioni ni mahali. Sisi wa Karatu tunaishi karibu na mpaka unaolionyesha hili waziwazi. Panda barabara kutoka mjini, pita Rhotia ukiwa umetoka chini, au endelea juu mpaka Lodoare, kwenye lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Upande wa huku ni mashamba ya Wairaqw na wengine wetu: mahindi, ngano, maharage, kahawa. Jembe ni la mtu kujivunia. Mwanamume akipita sokoni na mkuki begani, watu watageuka kumtazama. Ukivuka lango, mambo yanapinduka. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, na mchungaji hutembea na fimbo, sime na mkuki kwa sababu simba nao wanatembea. Lakini kilimo kilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1975, mwaka 1992 katazo likalegezwa, baadaye likarudi. Kwa hiyo kwa miaka mingi, ndani ya lango, mkuki ni kifaa cha kazi ya kila siku, na jembe ndilo linaloweza kumletea mtu kesi.

Sizungumzii hapa nani ana haki katika mambo ya ardhi ya Ngorongoro, ingawa yapo, na ni mazito, na familia nyingi zimehamia Msomera huko Handeni tangu mwaka 2022. Nazungumzia neno. Mwandishi wa habari akifika pale na kuandika "wananchi waliokuwa na silaha za jadi", amefanya uamuzi kwa niaba ya wenye vitu. Mchungaji mwenyewe angesema ameshika fimbo yake. Fimbo ya kuchungia. Kauli ya kutendea, ile "-ia" tuliyowakaririsha wanafunzi, haikuwekwa kuwapa watoto mtihani. Inabeba kazi ya kifaa: panga la kufyekea, jiwe la kusagia, kisu cha kuchinjia, fimbo ya kuchungia. Kusema "silaha za jadi" ni kukikata hicho kiambishi na kukitupa, halafu kukutana na mtu aliye kazini kana kwamba yuko vitani.

Upande wa pili, kusini-magharibi, teremka Mang'ola kuelekea Ziwa Eyasi, kwenye vitunguu. Huko wahunzi wa Kidatoga, kwa mvukuto wa ngozi na moto wa mkaa, huchukua misumari ya kawaida ya dukani na kuifua iwe vichwa vya mishale, ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana asali na bidhaa nyingine. Kufuli kuukuu na mabomba yaliyokufa hugeuzwa bangili. Hapa kifaa hakikuazimwa kwa dharura. Kimepitishwa motoni, kikabadilishwa umbo na jina. Msumari ule hauhitaji tena "kwa". Naupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kuna njia mbili za zana kuwa silaha: mkono kuigeuza kwa kuishika, na moto kuigeuza kwa kuifua.

Na msumari una historia ndefu katika fasihi yetu. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakuwezwa na mkuki wala upanga. Kilichomwua ni kitu kidogo cha shaba kilichopigwa kitovuni. Masimulizi mengine husema msumari, mengine sindano. Aliyekishika alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kabla ya hapo Liyongo alikuwa gerezani, naye alitoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi waliichukua mikate mizuri wakamwachia mfungwa ule mbaya, na yeye akakata minyororo yake huku ngoma ikivuma nje. Ukiutazama utendi ule kwa macho ya mjukuu wangu, unaona ni hadithi ambayo ndani yake mambo mawili makubwa yanatendwa kwa vifaa vya fundi na vya jikoni: kuokoka na kufa. Watoto wetu hawahitaji kwenda kuazima majoka ya Ulaya ili wawe na kisa cha kucheza.

(Nisisahau Oldupai, kwa kuwa msomaji wa Ngorongoro ataniuliza. Ni kweli, mawe yaliyochongwa yapatikanayo pale, ya kale kiasi cha miaka milioni 1.8, ndiyo yaliyoipa dunia jina la zana za Oldowan. Alama zake zimeonekana kwenye mifupa ya wanyama, alama za kukata nyama. Hayo ni ya kukatia. Asiyeridhika na akachimbe.)

Sasa nifike kwenye lile jambo kubwa nililolitaja. Tumeona vifaa bila kihusishi, na vifaa vyenye "kwa". Ipo daraja ya tatu, nayo ni ya hatari: "na".

Tunasema "amechomwa na mwiba", "amepigwa na radi", "ameng'atwa na nyoka". "Na" hii humtaja mtenda. Mwiba hauna aliyeushika. Radi haina mwenyewe. Ni sawa kabisa. Ni sawa pia mtu akiteleza shambani na kusema "nimekatwa na panga", maana hakuna mwingine. Lakini angalia tunavyosema mtu alipomshambulia mwenzake: "marehemu alikatwa na kitu chenye ncha kali", "alipigwa na kitu kizito kichwani". Panga limekuwa mtenda. Limeamka, limevuka ua, limefanya lilofanya, limerudi. Mwenye mkono hayumo katika sentensi. Na hata panga lenyewe limenyang'anywa jina, limebaki "kitu".

Najua asili yake. Daktari anayemtazama majeruhi aliyekuja na fomu ya PF3 hakuwapo. Anaandika jeraha linavyosema, na jeraha linasema ncha kali au kitu butu, basi. Huo ni uaminifu wa kitaalamu na sina neno nao. Ubaya unaanza lugha ile inapotoka hospitalini na kuingia gazetini, kisha nyumbani, kisha katika midomo ya watu waliokuwapo na walioona.

Miaka ya tisini, katika shule moja niliyofundisha, mwanafunzi alirudi baada ya kukosa masomo wiki tatu, akichechemea. Barua ya mzazi ilisema, kwa mwandiko mzuri, kwamba kijana "alikatwa na jembe mguuni". Nilimwita pembeni nikamuuliza, "Jembe lilikuwa mkononi mwa nani?" Alitazama chini kitambo kirefu. Kisha akasema, "Baba mdogo." Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, kijana alisimama kati ya baba yake na mdogo wa baba yake. Barua ile haikuwa na neno la uongo. Baba aliiandika hivyo ili nduguye asifungwe, na huenda alikuwa na busara zake, kwa kuwa ukoo una namna zake za kumaliza mambo. Lakini kijana aliisoma barua hiyo kabla ya kuileta. Alijua kwamba katika sentensi ya baba yake, aliyemkata hakuwapo.

Ndiyo sababu sikuwafukuza wajukuu mezani, kama walivyonishauri baadhi ya wenzangu wastaafu, wanaoona kwamba mchezo wa kupigana kwa sufuria na shoka unawafundisha watoto ukatili. Ukatili wanaufahamu, wameusikia kwenye habari ya saa mbili usiku. Katika mchezo huu, kila pigo lazima litajwe lote. Msimamizi huuliza: nani? Anatenda nini? Kwa kitu gani? Kwa nani? Mchezaji hawezi kusema "adui alipigwa na kitu kizito" akategemea dadu itikiswe. Lazima aseme, "Mimi, Nanii, ninampiga huyu kwa ndoo." Mtoto anayezoea kusema sentensi hiyo kwa ukamilifu wake, akiwa na miaka 13, hatakuwa na wepesi wa kuandika ile nyingine akiwa na 40.

Kwa hiyo kanuni tuliyokubaliana, nami naitoa hapa kwa yeyote atakayetaka kuucheza mchezo huu kwa Kiswahili, ni hii. Kifaa kinachokaa bila "kwa" kihesabiwe silaha. Kinachotaka "kwa" kipewe dadu ndogo, isipokuwa mhusika akitumia kitenzi cha kazi anayoijua. Hapo apande daraja. Na sentensi yenye "na" isipokewe mezani, ila kwa mwiba, radi, nyoka na vyote visivyo na mkono. Wajukuu waliijaribu siku nne mfululizo mvua ikinyesha. Mgogoro ulikuwa mmoja tu, juu ya mwiko: wa Karatu walisema "alimpiga mwiko" ni sawa, na yule wa Dar es Salaam akashikilia "kwa mwiko". Niliamua kwa upande wa Karatu, nikijua mama zao.

Yamebaki niliyoshindwa kuyakata peke yangu. Mchi: je, kwenu husema "alimpiga mchi" au "kwa mchi"? Mtaimbo? Upawa? Beleshi? Nadhani mpaka wa "kwa" hauko mahali pamoja Lamu, Mbulu na Bukavu. Mwenye sikio la kwao na atuandikie, akitaja mji wake na kifaa chake, nami nitaongeza kwenye orodha ya wajukuu kabla ya likizo ya Juni.